Nani aliwanyang'anya maskini shule ya Dulwich?

Swali: "Nafundisha historia sekondari. Nimesoma kwamba Dulwich College, shule ya wavulana ya bweni na kutwa kusini mwa London, ilianzishwa mwaka 1619 kwa ajili ya watoto 12 maskini. Leo ni shule ya kujitegemea ya kulipia, tena ada yake ni ya kutisha. Wanafunzi wangu wameniuliza nani aliwanyang'anya maskini shule yao, nikakosa jibu. Je, kuna siku, sheria au mtu wa kunyooshewa kidole?"

Pole na kazi, Mwalimu. Wanafunzi wako wameuliza swali zuri, ila lina mtego: linachukulia kwamba mwizi yupo, kilichobaki ni kumtaja jina. Nimeshinda miaka mingi na historia za shule kongwe za Uingereza, na kila nikirudi Dulwich sikuti mlango uliovunjwa. Nakuta mlango ulioachwa wazi na mwanzilishi mwenyewe, katika kanuni alizoziandika kwa nia njema. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na ardhi. Ardhi ilipopanda thamani watu wakaanza kupita, na aliyekuja kuufunga mlango baada yao ni mtihani.

Tuanze na mwenye mali, maana si mtu wa aina iliyozoeleka. Waanzilishi wa shule kongwe za nchi ile mara nyingi ni watu wa ikulu au wa kanisa. Winchester iliwekwa na askofu, William of Wykeham, mwaka 1382. Eton na Mfalme Henry VI mwaka 1440. Edward Alleyn alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Alizaliwa London mwaka 1566, baba yake akiwa na nyumba ya wageni, zama ambazo mwigizaji asiye na bwana mkubwa wa kumkingia kifua alihesabiwa na sheria kuwa mzururaji. Akawa nyota wa kundi lililokuwa chini ya ulinzi wa Admirali wa Uingereza, na ndiye aliyevuma kwa kucheza Tamburlaine na Faustus katika tamthilia za Christopher Marlowe. Mwaka 1592 alimwoa binti wa kambo wa Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose, na mtu na mkwewe wakawa washirika wa biashara. Mwaka 1600 wakajenga ukumbi mwingine, Fortune. Mwaka 1604 wakapata usimamizi wa dubu, fahali na mbwa wa mfalme: dubu anafungwa mnyororo, mbwa wanaachiwa, na watu wamelipa kutazama.

Wanaosimulia historia ya shule hii hupenda kuharakisha wakifika kwa dubu. Mimi sioni sababu. Tofali la kwanza la Dulwich lililipiwa na kiingilio, kama si cha tamthilia basi cha dubu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Henslowe alikuwa na daftari. Kumbukumbu zake za mapato na madeni ya ukumbi zilimfikia Alleyn pamoja na karatasi nyingine, zikabaki Dulwich mpaka leo, na bila hizo tungejua kidogo sana kuhusu jinsi biashara ya tamthilia ilivyoendeshwa enzi za Shakespeare. (Tahadhari ndogo kwa mwalimu wa historia: katika karne ya 19 msomi mmoja, John Payne Collier, alizisoma karatasi zile kisha humo humo yakaonekana maandishi ya kughushi. Wasomi waliomfuata walikuwa na kazi ya kuchambua pumba na mchele.)

Mwaka 1605 Alleyn alinunua miliki ya Dulwich, mashamba na misitu iliyokuwa nje kabisa ya mji, kwa pauni 5,000 kutoka kwa Francis Calton. Sasa, kama darasa lako linataka mnyang'anyi kwa udi na uvumba, hapa yupo mmoja. Ardhi hiyo ilikuwa ya watawa wa Bermondsey kwa karne nyingi. Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa aliichukua, na mwaka 1544 ikaenda kwa Thomas Calton, sonara wa London. Miaka 61 baadaye ukoo wa sonara ukauza, mwigizaji akanunua.

Alleyn hakuwa na mtoto. Akaamua miliki yote iwe wakfu. Natumia neno wakfu kwa makusudi, kwa sababu ndilo hasa: mali isiyouzwa wala kurithiwa, ambayo pato lake lina wenyewe waliotajwa. Kanisa dogo lilikuwa tayari mwaka 1616, likawekwa wakfu na Askofu Mkuu wa Canterbury, George Abbot. Lakini ili mali iwe wakfu kisheria ilihitajika hati ya mfalme, na hapo Alleyn akakutana na Francis Bacon, mwanafalsafa, ambaye wakati huo alikuwa Lord Chancellor, yaani mkuu wa mahakama za dola na mlinzi wa mhuri wa mfalme.

Mwaka 1618 Bacon aliandika barua ya kuikawiza hati hiyo. Alikiri kwamba Alleyn anaicheza vizuri sehemu ya mwisho ya maisha yake, kisha akatoa hoja mbili. Ya kwanza ni ya hazina. Ardhi ya mtu binafsi humrudishia mfalme mapato pale mwenyewe anapokufa na kuacha mrithi mtoto, lakini wakfu haufi wala hauachi mtoto, kwa hiyo kila wakfu unapunguza mfuko wa mfalme. Ya pili ndiyo ningependa uisome darasani. Bacon alilalamika kwamba mfalme amekataa maombi ya kuanzisha mihadhara ya kudumu huko Oxford na Cambridge, wakati nyumba za kulelea maskini zimejaa kila mahali na ombaomba hawajapungua hata mmoja. Kabla shule haijafunguliwa, tayari mtu mkubwa amesema fedha za maskini zingefaa zaidi kwa wasomi. Hoja hiyo tutaikuta tena, miaka 250 mbele, imevaa nguo nyingine.

Alleyn alishinda. Hati ilitoka tarehe 21 Juni 1619, na Septemba mwaka huo aliisoma hati yake ya kuanzisha wakfu ndani ya kanisa lake, Bacon mwenyewe akiwa mmoja wa waalikwa. Jina likawa Chuo cha Zawadi ya Mungu. Usidanganywe na neno chuo. Ilikuwa nyumba ya kuishi pamoja: mkuu, msaidizi wake, walimu na wachungaji wanne, wazee sita wa kiume, wazee sita wa kike, na watoto 12 maskini. Shule ilikuwa chumba kimoja katika nyumba hiyo. Watoto na wazee walichukuliwa kutoka parokia nne ambazo maisha ya Alleyn yalizigusa: alikozaliwa, zilikokuwa kumbi zake, na Camberwell, ambako ndiko iliko Dulwich yenyewe.

Jambo moja linanifurahisha kila mara. Kanuni zake ziliamuru nafasi ya msaidizi wa mkuu ipatikane kwa kura ya karatasi. Wagombea ni wawili. Karatasi mbili zinakunjwa sawasawa, moja ni tupu, nyingine imeandikwa "Zawadi ya Mungu", zinatikiswa ndani ya kasha, kila mmoja anachota yake. Alleyn hakuwa mjinga wa kudhani bahati ni haki. Alijua tu kwamba kura haina shangazi wala mjomba. Ikumbuke hiyo kura tutakapofika kwenye mtihani.

Sasa mlango wenyewe. Hati ya 1619 ilitaja watoto 12. Mwaka 1626, miezi michache kabla hajafa, Alleyn alikamilisha kanuni, na humo akaipanua shule iwe na wavulana hadi 80 wa makundi matatu. La kwanza ni wale 12, wanaoishi na kulishwa humo. La pili ni watoto wa wakazi wa Dulwich, wanaofundishwa bure na kurudi kwao jioni. La tatu aliwaita wanafunzi wa mji au wageni, ambao watalipa kiasi kitakachopangwa na mkuu na msaidizi wake.

Rudia kulisoma hilo kundi la tatu, Mwalimu. Kiasi kitakachopangwa. Hakuweka kikomo cha ada. Bweni, kutwa na kulipia, vyote vitatu vimo ndani ya karatasi ya mwanzilishi, wino wake haujakauka. Na Dulwich haikuwa peke yake. Eton iliwekwa kwa wanafunzi 70 wa wakfu, na wanaolipa wakapanga nyumba mjini mpaka wakawa ndio wengi. Harrow, iliyoanzishwa na mkulima John Lyon mwaka 1572 kwa watoto wa kijiji chake, nayo ilikuwa na ibara ya kumruhusu mwalimu kupokea wageni wa kulipa. Mwaka 1810 wanakijiji wa Harrow walikwenda mahakamani kudai shule yao, wakashindwa. Hata lile jina linalowachanganya wengi, kwamba shule za kulipia huko huitwa za umma, linatokana na mlango huo huo: zilikuwa wazi kwa mtu wa popote, si za parokia moja wala za chama kimoja cha mafundi, na elimu yake haikutolewa nyumbani na mwalimu wa kuajiriwa. Umma maana yake ilikuwa yeyote kutoka popote, mradi ana chake mfukoni.

Ajabu ni kwamba Dulwich mlango ulikaa wazi zaidi ya miaka 200 karibu bila mtu kupita. Alleyn alikuwa ameagiza mkuu awe mtu wa jina lake, Alleyn au Allen, na asiwe na mke. Hebu fikiria kutafuta kiongozi wa shule kwa masharti hayo, kizazi baada ya kizazi. Wengine walikuwa watu wa kawaida tu walioishi vizuri. Pato la mashamba lilipokua, kilichokua nalo ni mgao wa wakubwa wa chuo. Watoto 12 wakabaki 12. Kama wanafunzi wako wanataka kukasirika kihalali, wakasirikie karne ya 18. Hakuna aliyeiba shule wakati huo. Waliilalia tu.

Mmoja wa kumtenga ni James Allen, aliyekuwa mkuu wakati huo. Mwaka 1741 alitoa nyumba zake za Kensington ziwe wakfu wa kufundishia watoto wa Dulwich, wavulana kusoma, wasichana kusoma na kushona. Shule hiyo ndiyo leo James Allen's Girls' School, na kwa maoni yangu huyo alifanya mengi kwa kijiji kuliko wenzake wote wa jina lile wakijumlishwa.

Kilichowaamsha waliolala ni London kufika mlangoni. Alleyn alikuwa ameweka kwamba ardhi isikodishwe kwa zaidi ya miaka 21, jambo la busara kwa shamba, lakini nani atajenga nyumba ya kifahari mahali atakapofukuzwa baada ya miaka 21? Mwaka 1808 Bunge lilipitisha sheria ya kurefusha mikataba hiyo. Nyumba zikaanza kuota. Mwaka 1854 lile jumba kubwa la vioo la maonyesho ya 1851, Crystal Palace, likahamishiwa kilimani Sydenham, mpakani mwa miliki, na kila mwenye uwezo akatamani kuishi karibu. Kisha zikaja kampuni za reli, zilizohitaji kupita katikati ya ardhi ya wakfu na kuilipia. Wadhamini wakachukua fedha, wakadai na madaraja yawe ya kupendeza. Shamba la mwigizaji, karibu ekari 1,500, lilikuwa limegeuka kitongoji cha matajiri.

(Mabaki ya enzi ile bado yapo. Kwenye barabara ya College Road kuna kizuizi cha kulipia kilichoanza mwaka 1789, na dereva anayepita leo bado analipa.)

Fedha zikishakuwa nyingi, lazima mtu aulize ni za nani. Parokia zilizotajwa na Alleyn ziliuliza. Makamishna wa misaada waliuliza. Majibu madogo madogo yalitolewa, mfano jengo la shule la mwaka 1842 kwa ajili ya watoto wa jirani, lililosanifiwa na Charles Barry, yule yule wa jengo la Bunge. Hayakutosha. Mwaka 1857 Bunge likauvunja muundo wote wa Alleyn kwa sheria. Wakuu wa jina la Alleyn walipewa pensheni wakaenda zao. Wazee wakatenganishwa na shule. Na shule ikakatwa mbili: ya Juu, yenye masomo mapana kwa watoto wa wenye nafasi, na ya Chini, yenye ada ndogo kwa watoto wa mafundi na watu wa kipato cha chini.

Ukitaka tarehe ya kuandika ubaoni, andika 1857. Mtu ni Alfred Carver, mchungaji aliyeongoza kuanzia 1858 hadi 1883. Alikuta shule ya kijijini, akaacha shule kubwa ya kitaifa. Fedha za reli zilijenga majengo mapya ya matofali mekundu yaliyosanifiwa na Charles Barry mdogo, mwana wa yule wa kwanza, yakafunguliwa na Mwana Mfalme wa Wales tarehe 21 Juni 1870, siku ya kumbukumbu ya hati ya 1619. Mchoraji Camille Pissarro, aliyekuwa amekimbia vita Ufaransa, aliyachora mwaka 1871 yakiwa yanang'aa ng'ambo ya bwawa. Ukiitazama picha hiyo huwezi kuhisi kwamba ndani ya jengo hilo watu walikuwa wakigombana vikali kuhusu pesa.

Ugomvi ulihusu swali lako hasa. Miaka ya 1860 serikali iliunda tume za kuchunguza shule zote za wakfu: moja kwa shule tisa za juu kabisa, nyingine kwa mamia ya zile zilizobaki. Matokeo ya ile ya pili ni Sheria ya Shule za Wakfu ya 1869, iliyowapa makamishna nguvu ya kuandika upya kanuni za waanzilishi waliokufa zamani. Hao makamishna hawakuwa watu wabaya. Walikuta nafasi za bure zinagawiwa kwa kujuana, mtoto wa mpishi wa mdhamini anapata, yatima anakosa. Walikuta shule zisizo na mwanafunzi hata mmoja na mwalimu anakula mshahara. Dawa waliyoiamini ilikuwa moja: elimu ya bure ifutwe, kila mtu alipe ada, na nafasi za ufadhili zishindaniwe kwa mtihani.

Hapo ndipo ninapouona mlango ukifungwa. Mtoto wa Alleyn alipata nafasi kwa sababu ni maskini, basi. Mtoto wa baada ya mageuzi alipata nafasi kwa sababu ameshinda, na wa kushinda mtihani wenye Kilatini ndani yake ni mtoto ambaye tayari kuna aliyemlipia mwalimu wa Kilatini. Neno "maskini" halikufutwa na mtu yeyote kwa hila. Lilibadilishwa kimya kimya na neno "hodari", na watu waaminifu walipiga makofi, maana nani anapinga uhodari? Ile hoja ya Bacon, kwamba fedha ziende kwa wasomi, ilikuwa imerudi na safari hii hakuna wa kuishinda. Wanahistoria wengine huona mageuzi haya kama ushindi mtupu dhidi ya upendeleo. Nakubali upendeleo ulikuwepo. Ila kura ya karatasi kama ile ya Alleyn nayo ingeondoa upendeleo, tena bila kumtaka yatima ajue sarufi.

Makamishna walitaka pia pato la Dulwich ligawanywe kwa mapana zaidi, Carver akapigana nao miaka mingi lisitawanywe. Suluhu ya mwaka 1882 ilimpa kila mmoja nusu ya alichotaka. Shule ya Juu ikabaki na jina la Dulwich College. Ya Chini ikatengwa ikawa Alleyn's School. Mafungu mengine yakaenda kwa shule ya wasichana ya James Allen na kwa shule za parokia zile kongwe. Kwa hiyo, Mwalimu, maskini hawakuondoka mikono mitupu kabisa. Sehemu ya wakfu iliwafuata mjini, ila haikupitia tena kwenye geti la chuo.

Kuhusu bweni na kutwa nitasema kidogo, kwa sababu watu hudhani bweni ndiyo roho ya shule hizi. Dulwich wengi wamekuwa wa kutwa, na sababu ni ile ile reli. Gari moshi lililoleta fedha za fidia lilileta na wavulana kila asubuhi. Ernest Shackleton, mpelelezi wa Antaktika, alisoma hapo 1887 hadi 1890 akitokea nyumbani kwao Sydenham. Raymond Chandler, aliyekuja kuwa bingwa wa hadithi za upelelezi Marekani, aliingia mwaka 1900 akiishi na mama yake jirani. P. G. Wodehouse, aliyeingia 1894, alikuwa mtoto wa bweni kwa sehemu kubwa, maana baba yake alikuwa hakimu Hong Kong, na bweni la shule kama hii lilikuwa kwa kiasi kikubwa ghala la watoto ambao wazazi wao wanatawala makoloni. (Pensheni ya baba huyo ililipwa kwa rupia, rupia ikaporomoka, na kijana hakwenda Oxford, alipelekwa benki. Ukoloni ulikuwa na namna zake za kuwapunja hata wenyewe.) Mashua James Caird, ambayo Shackleton na wenzake watano waliivukia bahari kutoka kisiwa cha Elephant hadi Georgia Kusini mwaka 1916, ipo shuleni hapo, zawadi ya mwaka 1922 kutoka kwa John Quiller Rowett, aliyesoma naye.

Sasa sehemu ambayo wanafunzi wako hawataitarajia: mlango uliwahi kufunguliwa tena. Vita Kuu ya Pili iliikuta shule katika hali mbaya. Mwaka 1939 ilihamishiwa Tonbridge, ikarudi, wanafunzi wakapungua, mabomu yakaanguka. Mwaka 1942 bweni lilipata wageni wasio wa kawaida, vijana waliochaguliwa na serikali kujifunza haraka Kijapani, Kichina, Kituruki na Kiajemi kwa ajili ya vita. Mkuu wa wakati huo, Christopher Gilkes, alikuwa na madarasa ya kujaza na hana ada za kutosha. Halmashauri za London na jirani zilikuwa na watoto waliofaulu na fedha za kuwalipia. Wakakubaliana. Mpango ule ukaitwa Jaribio la Dulwich, na ulipofikia kilele, idadi kubwa kabisa ya wavulana walikuwa wanalipiwa na halmashauri: watoto wa makondakta, wa makarani, wa mafundi bomba. Kwa kizazi kimoja hivi, shule ya kujitegemea iliendeshwa kwa kodi za wananchi, na matokeo ya kuingia vyuo vikuu yakapaa.

Bado walipita kwa mtihani, sisahau. Lakini mtihani wa halmashauri ulifanywa na kila mtoto wa shule ya msingi, si na waliofundishwa nyumbani tu. Miaka ya 1970 siasa zikageuka. Halmashauri hazikutaka tena kuchuja watoto wakiwa na miaka 11 wala kulipia shule zisizo zake, zikaacha kuleta wapya. Sheria ya 1980 ilirudisha msaada wa serikali kwa baadhi ya watoto, serikali ya 1997 ikaufuta. Tangu hapo kinachobaki ni ufadhili unaotoka kwenye mfuko wa shule yenyewe na wa wakfu. Shule ikaenda kutafuta fedha mbali zaidi, kwa kuruhusu jina lake litumike na shule za ng'ambo, Shanghai ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na sehemu ya mapato hayo husaidia ufadhili nyumbani. Tangu Januari 2025 serikali ya Uingereza inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 juu ya ada za shule zote za kujitegemea. Wenye shule wanasema kodi hiyo itawafukuza wazazi wa kipato cha kati. Wanaoiunga mkono wanauliza kwa nini shule ya matajiri isamehewe kodi kama kituo cha yatima. Ukiyasikiliza mabishano hayo baada ya kuisoma kanuni ya 1626, utagundua pande zote mbili zinagombania kundi la tatu. La kwanza halina msemaji.

Darasani ningewapa vijana karatasi mbili tu: orodha ya yale makundi matatu, na masharti ya ufadhili baada ya 1882. Waache walinganishe wenyewe nani anaweza kuingia kwa kila karatasi, kisha waulize tena nani ameiba.

Na wakikuuliza kama kuna kitu chochote cha Alleyn kilichobaki kama alivyokiacha, waambie kipo. Wale wazee wake hawakuwahi kufanyiwa mageuzi ya kushindanisha, kwa kuwa hakuna aliyebuni mtihani wa uzee. Nyumba ya wazee wa wakfu bado ipo Dulwich, bado inapokea watu wenye kipato kidogo, na iko ubavuni mwa kanisa la mwaka 1616 ambamo Alleyn mwenyewe amezikwa.